Sajini Aliyejikamata Mwenyewe

Sisi tuliokulia milimani kabla barabara ya magari haijapanda, polisi tuliyemjua alikuwa mama. Hakuwa na kofia wala pingu, lakini ukidokoa nyama chunguni ulisikia jina lako likiitwa kutoka bondeni, na la baba yako, na la ukoo mzima, mpaka mbuzi wanainua vichwa. Ndiyo maana nawashangaa wajukuu zangu wanaosema hawakumbuki majina ya watu mpaka waangalie kwenye simu. Mimi nimeishia darasa la tatu, hesabu za kugawanya zilinishinda na bado zinanishinda, lakini niulize leo mbuzi wa Mzee Mbonea walikuwa wanaitwaje, nitakutajia wote saba, na yule wa nane aliyekufa kwa kula kaniki ya mke wa mwenye mbuzi.

Kijiji chetu kiko juu. Ukifika Myamba unakaa chini, unakunywa maji, halafu unaanza kupanda upya. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulikwenda shule kwa kufuata sauti ya aliyetangulia. Viatu tulivisikia tu vikisemwa. Chakula kilikuwa makande. Mchana makande, jioni makande yaliyobaki mchana, na siku ya sikukuu makande yaliyotiwa maziwa, ndipo tukajua kweli leo ni sikukuu. Leo mjukuu anafungua jokofu lililojaa mpaka mlango haufungi, analitazama, anasema, "Bibi, hakuna chakula."

Humo ndimo alimokulia Elisante, ambaye baadaye alikuja kuwa Sajini Elisante, ambaye baadaye zaidi, nadhani baada ya kukosa mwingine wa kumkamata, alinioa mimi. Tumezaa sita, nao wakatuzalia kumi na tisa. Majuzi tumemzika. Watu wengi wamemsifu, na sifa nyingine hata mimi nilizisikia kwa mara ya kwanza pale pale msibani. Basi na mimi niseme ninayoyajua, maana nilikuwepo tangu siku ya kosa.

Kwetu kiangazi ni kikali, na maji ya kumwagilia yanatoka kwenye ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa lililochimbwa na wazee wa zamani pale juu ya mashamba, kijito kinaingia upande mmoja, na upande wa chini kuna tundu la kutolea maji kwenda kwenye mfereji. Tundu hilo linazibwa kwa kizibo cha shina la mgomba, nyasi na tope. Bwawa likijaa linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ilikuwa kitu kizito. Mtu angeweza kukusamehe ukimtukana baba yake, lakini ukigusa zamu yake ya maji, wajukuu zako wataambiwa.

Siku moja ya gulio, watu wazima wote walishuka Myamba, sisi watoto tukaachiwa kuku na wadogo zetu. Mchezo wetu ulikuwa ganda la mgomba. Unalikata, unalikunja ncha likae kama kihori, unalitia kwenye mfereji, kisha unakimbia kando yake ukilishangilia mpaka chini. Siku hiyo mfereji ulikuwa na maji ya kulowesha vidole tu, maana ndiva ilikuwa imezibwa ijae kwa ajili ya zamu za kesho yake. Elisante alikuwa na miaka tisa, mimi minane. Akalitazama ganda lake lililokwama kwenye tope, akaitazama ndiva, akasema, "Nakiete, tuzibue kidogo."

Tangu siku hiyo mtu akiniambia "kidogo" huwa nasimama mbali.

Alichukua mti mrefu, akachokonoa kizibo, kizibo kikatoka chote. Maji yakaondoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Maganda yetu mawili yalipita mbele ya macho yangu mara moja, sikuyaona tena hadi leo, na kwa haki ya Mungu sijui la nani lilishinda. Ukingo wa mfereji ukabomoka, maharage ya Mzee Mbonea yakang'oka na udongo wake, na ndiva ikabaki tope na vyura. Zamu za kesho, nyumba tatu, zikawa zimekwenda bondeni kumwagilia mawe.

Tukakimbia. Tungekuwa na akili tungeangalia nyuma, tungeona kwamba pale ukingoni palikuwa na kibuyu chenye shanga nyekundu shingoni. Kilikuwa cha Namkunda, msichana wa miaka kumi na mmoja, jirani yetu. Asubuhi alikwenda kuchota maji, mdogo wake akaanguka, akamkimbilia, kibuyu akakisahau.

Wazee waliporudi gulioni walikuta kibuyu. Mzee Mbonea, msimamizi wa ndiva, alikiinua kwa shanga zake, akasema neno moja ambalo lilikuwa uchunguzi wote, kesi yote na hukumu yote. Alisema, "Kibuyu hakitembei."

Hukumu ilitolewa kwenye msaragambo. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, pembe ikipulizwa kila nyumba inatoka na jembe kwenda kuzibua mifereji, na mambo ya watu yanasemwa hapo hapo mbele ya wote. Namkunda alisimamishwa kwenye ukingo. Akasema, "Si mimi." Akaulizwa, "Kama si wewe ni nani?" Akageuka akatutazama sisi watoto. Mimi nikatazama miguu yangu. Vidole vyangu vya miguu nimevijua vizuri tangu siku ile, kimoja kimoja. Elisante naye alitazama vyake.

Nyumba ya kina Namkunda ikanyimwa zamu mpaka mvua zishuke. Maharage yao yakaanza kunyauka, mama yake akawa anabeba maji kichwani kutoka kijitoni mpaka shamba, mtungi baada ya mtungi, na Namkunda akatolewa shule amsaidie. Mvua zilipokuja, shule ilikuwa imeshamsahau na yeye ameshazoea mtungi. Alikuwa anajua kugawanya, yule. Mwalimu alikuwa anamwita mbele atuonyeshe. Wakampa jina la Mama Kizibo, akalibeba mpaka akaolewa nalo, akazaa nalo.

Sasa ungedhani mtoto aliyefanya vile angekuwa mwizi mkubwa. Elisante akaenda upolisi. Alishuka kwa miguu mpaka Same na viatu vyake mkononi ili visichakae kabla ya usaili, akapanda treni kwenda Moshi mafunzoni, akarudi likizo na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Kijiji kizima kikatoka kumwona. Wazee wakasema huyu mtoto tangu zamani alikuwa mnyoofu. Mzee Mbonea mwenyewe alimshika mkono.

Alifanya kazi Tanga, Mwanza, Dodoma, na miaka ya mwisho akarudishwa Same. Wenzake walimwita Sajini Taratibu, kwa sababu hakukamata mtu kwa ushahidi wa kitu kimoja. Walimletea kijana aliyekutwa na kuku kwapani, yeye akauliza, "Na mwenye kuku amesemaje? Na jirani? Kuku kuwa kwapani ni kuku kuwa kwapani." Walimletea mwingine aliyekutwa juu ya baiskeli ya watu, akasema tusubiri. Wakubwa wake waligonga meza. Wezi wa Same, nasikia, walimwombea maisha marefu, na naona walisikilizwa. Watu walifikiri ni uzembe. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kwamba kila akiletewa kielelezo mezani, yeye alikuwa anaona shanga nyekundu.

Nyumbani huo utaratibu haukuwepo. Watoto wetu walikula kwa kuitwa majina. Sukari ikipungua, wote sita walipangwa mstari na kila mmoja akatoa maelezo, mimi wa saba. "Na wewe mama, ulikuwa wapi?" Nilimjibu, "Nilikuwa hapa, Sajini, na wewe ulikuwa wapi ile siku ya gulio?" Basi kikao kinafungwa hapo hapo, watoto wanashangaa mama ana dawa gani.

Kila likizo tulipanda mlimani, na kila tulipopanda, njia yetu ilipita kwa Namkunda. Elisante alikuwa anavua kofia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, afande. Yule mwizi wangu wa maji hajapatikana?"

"Upelelezi unaendelea, dada."

"Endeleeni. Mimi nipo tu."

Watu waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni utani wa Mama Kizibo na askari. Namkunda mwenyewe alitabasamu. Kama alijua au hakujua, sikuweza kusoma usoni kwake, na mimi uso wa mtu nausoma kuliko kitabu.

Nilimwambia mume wangu amwambie. Akasema atamwambia akipata cheo. Akapata. Akasema akistaafu. Akastaafu, tukarudi kuishi mlimani, nyumba yetu na ya Namkunda zinatazamana kuvuka bonde. Akasema mvua zikiisha. Mvua zikaisha miaka ishirini mfululizo. Mtu aliyefukuza majambazi porini alikuwa anamwogopa bibi kizee mwenye fimbo.

Mwaka huu mjukuu wetu Neema, anayefanya kazi Dar es Salaam, akaamua babu afanyiwe sherehe ya kushukuru kwa uzee wake. Ikafanyika Same kwa kijana wetu mkubwa. Turubai, spika mbili ndefu kuliko mimi, sare za kitenge, na mshereheshaji aliyesema "makofi, makofi" kila alipokosa la kusema. Zamani mtu akizeeka tulimwachia kigoda. Siku hizi anakatishwa keki na kulishwa kwa uma mbele ya kamera, kama vile mikono imeshakufa. Namkunda alialikwa, nikamkalisha karibu yangu.

Mshereheshaji akasoma wasifu ambao Neema aliuandika. Ukafika mahali ukasema, "Tangu utotoni mwake, Sajini Elisante hajawahi kuvunja sheria hata siku moja, wala kumsababishia mtu yeyote machozi." Makofi, makofi. Watu mia wakapiga. Namkunda akapiga pia, taratibu, makofi matatu, kisha akaniinamia sikioni.

"Nakiete," akasema, "mimi nina miaka miwili kumzidi. Upelelezi ukichelewa kidogo tu, mlalamikaji hatakuwepo."

Nikamwona mume wangu ametutazama kutoka meza kuu. Keki ilikuwa mdomoni, hakuitafuna.

Tuliporudi mlimani, kesho yake asubuhi alinyoa ndevu, akapaka buti rangi, akavaa kaptula ya zamani ambayo sasa ingemtosha yeye na mwenzake. Akasema, "Twende." Tukaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji ni kijana mpole, alitupa viti.

"Shikamooni babu na bibi. Niwasaidie nini?"

"Marahaba. Nimeleta mwizi wa maji ya ndiva," akasema mume wangu.

Kijana akachukua kalamu. "Yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Aliyekamata?"

"Mimi."

"Shahidi?"

"Huyu mke wangu. Naye ana lake."

"Tukio ni la lini, babu?"

"Mzungu alikuwa bado yupo."

Kijana akaiweka kalamu chini polepole. Akasema, kwa heshima zote, kwamba ana taarifa ya madawati ya kupeleka Same kabla ya saa sita, na suala la maji lina kamati yake. Zamani mtu alikataa kosa mpaka achapwe. Siku hizi unalileta mwenyewe hadi mezani, unaambiwa fomu hakuna.

Kamati ya maji ilikaa ukingoni mwa ndiva. Mwenyekiti wake ni Daudi, mjukuu wa Mzee Mbonea, na ana masikio yale yale. Namkunda aliletwa, akakaa kwenye jiwe. Mume wangu akasimama kama wanavyosimama askari, akaeleza yote: ganda, mti, kizibo, tulivyokimbia. Nami nikaeleza ya kwangu, kwamba niliona, na nilinyamaza. Sauti ilinitoka ya mtoto wa miaka minane, hata mimi niliishangaa.

Namkunda aliilaza fimbo yake magotini. Kisha akasema, "Mama yangu alikufa akidhani ni mimi. Alinisamehe, ndilo lililoniuma. Nilisamehewa kosa la mtu."

Daudi, kwa kutaka kumaliza vizuri, akasema mambo ni ya kale, wazee washikane mikono, mbuzi mmoja achinjwe. Hapo ndipo Namkunda alipokumbuka kwamba yeye ni Mpare, mtu asiyeacha kesi njiani, na yake haijaisha.

"Mbuzi wa nini?" akasema. "Mimi sikuhukumiwa mbuzi. Nilihukumiwa mbele ya msaragambo, na msaragambo uambiwe. Pembe ipulizwe. Na nyumba ile pale ng'ambo inyimwe zamu mpaka mvua zishuke, kama sisi. Na maji wabebe kichwani."

"Bibi, hawa wazee wana zaidi ya miaka themanini," akasema Daudi.

"Sisi tulikuwa watoto. Nani alituonea huruma?"

Mume wangu akasema, "Hukumu ni ya haki." Alisema haraka, kama mtu aliyesubiri treni siku nyingi na sasa anaisikia inapiga honi stesheni ya Lembeni.

Basi pembe ikapulizwa, kijiji kikatoka na majembe, na Sajini Elisante akasema tena yote mbele ya watu. Vijana wengine walimrekodi kwa simu, wakamrudisha mwanzo mara tatu kwa sababu upepo uliingia. Wanawake wa rika la watoto wetu walikwenda mmoja mmoja kumpa mkono Namkunda, wakamwita kwa jina lake. Nililiona jina linamwingia kama maji kwenye udongo uliopasuka.

Na sisi tukaanza kutumikia. Mfereji uliopita shambani kwetu ukakauka. Asubuhi tulishuka kijitoni, yeye na dumu la lita tano, mimi na la lita tatu, tunapanda, tunapumzika penye kila jiwe, tunamwagia maharage mistari miwili, yanabaki mistari kumi yanatutazama. Neema akapiga simu kwamba ananunua pampu. Babu yake akamwambia, "Kifungo hakitumikiwi kwa pampu." Akasema basi atatuma mtu wa kubeba. "Wala kwa mtu." Kuna siku nilimwona amekaa kwenye jiwe, buti zimejaa tope, dumu kati ya magoti, anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Nakiete, nadhani ganda lako ndilo lililoshinda." Miaka sabini na zaidi, na leo ndiyo anakubali.

Ng'ambo ya bonde Namkunda alitoa kigoda chake nje kila asubuhi kusimamia. Akatuhesabia safari. Tukipunguza, tunasikia, "Afande, hiyo ni ya tatu, mama yangu alikuwa anakwenda sita." Wiki ya pili akaanza kutuachia uji kwenye chupa ya chai njiani, bila kusema ni wa nani. Jioni akipita, mume wangu anamwamkia, naye anaitikia, na lile swali la mwizi hakuuliza tena. Nadhani alilikosa kidogo.

Mvua zilichelewa. Elisante hakuziona. Alikwenda siku ya Jumanne mchana, amelala kwenye mkeka baada ya kubeba madumu mawili, hakuugua, hakuita mtu. Tulimchimbia kaburi shambani, pembeni mwa maharage. Udongo ulikuwa mkavu mpaka majembe yalilia. Mchungaji akasoma, wasifu ukasomwa, mara hii Neema ameurekebisha, ule mstari wa kutovunja sheria ameutoa na wa ndiva ameutia. Nikalia hapo, si kabla.

Tulipokuwa tunaweka mashada nikasikia sauti nisiyoitarajia. Maji. Mfereji wetu uliokauka ulikuwa unakuja umejaa, na majani makavu mbele yake, ukapita kando ya kaburi, ukaingia kwenye maharage mstari kwa mstari. Waombolezaji wakainua viatu. Zamu haikuwa yetu, na hata siku haikuwa ya kufungua.

Punde Daudi akatokea kwa kasi kutoka juu, ameshika kitu mkononi. Kibuyu, na shanga nyekundu shingoni. Shanga mpya, lakini zimepangwa vile vile. Namkunda alikuwa ameketi karibu yangu akihema kama mtu aliyeshuka mlima sasa hivi, na tope limemfika magotini.

"Bibi," Daudi akaniambia kwa sauti ya chini, maana ni msiba, "ndiva imefunguliwa. Nimekuta hiki kwenye kizibo. Ni cha nani?"

"Cha Namkunda," nikasema. "Lakini kibuyu ni kibuyu. Ungemuuliza marehemu."

"Basi nani kafungua? Wewe uliona?"

Safari hii sikutazama vidole vya miguu. Nikamtazama yeye usoni, nikamwonyesha kaburi. "Ni yule yule wa mwanzo," nikasema. "Ana tabia hiyo tangu utoto."

Daudi akamgeukia Namkunda. Namkunda akachukua kibuyu chake, akapangusa tope kwenye shanga kwa ncha ya khanga.

"Upelelezi unaendelea," akasema.

Siku hizi wanasema ndiva itajengwa kwa saruji, itiwe bomba na koki, na koki ifungwe kufuli. Ni vizuri, maji hayatapotea. Watoto hawatazibua kitu, na maganda ya mgomba hawayajui, wanashindanisha magari kwenye simu, ambayo hayabomoi maharage ya mtu. Watakua bila kosa hata moja, na sijui wakizeeka watakuwa na la kumwendea nani.

Maharage yale tuliyavuna. Namkunda alikuja kunisaidia kupukuchua, anagawanya mafungu kwa haraka mimi nikiwa bado nahesabu. Akitoka kwangu anapita penye kaburi, anasimama na fimbo yake, anangoja kidogo, kama vile aliyelala humo anavua kofia. Kisha anasema, "Marahaba," anaondoka.